Mzee Kitundu, Mthamini Aliyejikatia Rufaa Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Lazaro Kitundu atakabidhi ufunguo wa ofisi namba saba na kustaafu utumishi wa umma. Atakuwa ameitumikia halmashauri yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili, yote katika Kitengo cha Uthamini wa Majengo, na yote akiwa amekalia kiti kilekile. Alishapewa kiti kipya mara tatu, na mara tatu alikirudisha stoo kwa sababu hakikuwa kwenye orodha ya mali za ofisi. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na tisa, upande wa masjala. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyapiga muhuri kwa mkono wangu.

Mzee Kitundu alizaliwa Ulemo, wilayani Iramba, mwaka 1965, mtoto wa nne wa mkulima wa mtama. Baada ya kusomea uthamini aliajiriwa hapa tarehe 15 Aprili 1991. Siku ya kwanza alitumwa kupima ghala la ushirika, na kwa tahadhari akapima na kivuli chake. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, tatu kati ya hizo zikiuhusu mlango. Mkuu wake wa wakati huo alisema huyu atafika mbali, na kweli alifika hadi ofisi namba saba.

Tangu hapo amepima nyumba zaidi ya elfu sita. Ameng'atwa na mbwa mara nne, amepigwa teke na punda akiwa kwenye kazi ya kuazimwa Ihanja, na amekimbizwa na nyuki wa mzinga uliotundikwa kwenye kenchi ya nyumba ya mtu. Mzinga ule aliuandika kwenye fomu, katika safu ya wapangaji. Mwaka 2008 alikuta banda la kuku lenye safu mbili, kuku wa juu na kuku wa chini, akaandika mkoani kuuliza kama hilo ni jengo la ghorofa. Jibu halijarudi mpaka leo na faili lake ninalo mimi.

Hajawahi kupokea hata soda ya mwananchi. Ukimkaribisha maji ya kunywa anakushukuru, anauliza habari za watoto, kisha anakunywa ya kwake kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani. Watu walimheshimu kwa hilo, ingawa sidhani kama kuna aliyefurahi kumwona akiingia uani na tepu yake ya kupimia.

Sasa tufike kwenye suala la ghorofa, maana nisipolisema mimi mtalisimuliana wenyewe ukumbini na mtalikosea.

Mji wetu umekaa katikati ya mawe makubwa. Ni vigumu kupewa kiwanja kisicho na jiwe, na jiwe lenyewe halivunjiki, hivyo watu hujenga nyumba ubavuni mwake na juu yake huweka jiko. Huko juu kuna upepo, moshi unaondoka, na mwamba uliobaki pembeni ya jiko unaanikiwa alizeti. Ndivyo mama zetu walivyofanya na hakuna aliyewahi kuuliza. Kisha mwaka 2021 ukaja utaratibu wa kodi ya jengo kukatwa kwenye LUKU kila mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida hutozwa kiwango kimoja, ya ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Ikabidi awepo mtu wa kusema ipi ni ya kawaida na ipi ni ghorofa.

Mwongozo ulikuwa kimya kuhusu mawe. Nadhani ulitungwa na watu ambao hawajawahi kuwa na jiwe kiwanjani. Mzee Kitundu hawezi kuvumilia mwongozo uliokaa kimya, kwa hiyo alitunga wa kwake, sentensi moja tu: sakafu yoyote ya chumba inayofikiwa kwa vidato vitatu au zaidi, na iliyo juu ya usawa wa sakafu nyingine ya nyumba hiyohiyo, ni ghorofa. Mkuu wa idara wa wakati huo alisaini bila kusoma, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa.

Hivi ndivyo mji wetu, uliokuwa na majengo mawili ya ghorofa, ulivyoamka Jumatatu ukiwa nayo tisini na matatu. Takwimu zilipanda mkoani, wageni wakaja kutupongeza kwa kasi ya maendeleo. Tuliwazungusha mitaani nusu siku nzima, wao wakiangalia juu, sisi tukiangalia chini. Waliondoka na zawadi ya kuku na asali na hawakurudi tena.

Wenye nyumba tisini na mmoja walilalamika. Utaratibu ni kwamba mwananchi anaandika barua, barua inapita dirishani kwangu napiga muhuri, inakwenda kwa ofisa uthamini, naye anajibu ndani ya siku thelathini. Alijibu zote kwa wakati, kwa Kiswahili cha heshima, na zote alizikataa. Aliyelalamika kuliko wote ni Bi Rahabu Mghenyi, mjane anayepika supu na chapati za kuuza. Alileta barua sita. Ya pili aliiambatanisha na picha, ya tatu na barua ya mchungaji wake, ya nne na kipande cha jiwe lenyewe, ya tano alikuja na mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na mitano, aeleze lilivyokuwa zamani. Ya sita hakuambatanisha kitu. Aliiweka tu dirishani na kunisalimia.

Ilipokataliwa ya sita, mwaka 2023, Bi Rahabu alipanda juu ya mwamba akalibomoa jiko lake kwa jembe. Mafiga akayashusha nyuma ya nyumba, mahali ambapo moshi unaingia moja kwa moja chumbani. Mzee Kitundu alikwenda, akahakiki kwamba jiko halipo, na siku hiyohiyo akafuta sakafu moja kwenye faili. Alirudi amechangamka, akaniambia mama yule amehudumiwa haraka. Wasifu huu ni wa furaha, lakini niseme ukweli kwamba nilikasirika. Siku tatu sikumpa chai.

Mwaka huohuo Mzee Kitundu alianza kujenga nyumba ya kustaafia, Mtaa wa Mawe Matatu. Kiwanja chake kilikuwa na jiwe. Mkewe, Mwalimu Theresia, ambaye wengi mnamfahamu kama Mama Simoni, alimwonyesha fundi mahali pa jiko bila hata kugeuka kuangalia pengine: juu ya jiwe. Ngazi ilitoka na vidato saba. Mzee alikuwepo na aliviona vikimwagwa zege kimoja baada ya kingine. Alinieleza baadaye kwamba kazini yeye ni mthamini, lakini pale uani alikuwa mume, na mume hakuulizwa.

Nyumba ikaisha mwishoni mwa mwaka jana, ikatakiwa kupimwa. Kwa kuwa mtu hapimi nyumba yake, alimtuma Aneth, ofisa mwenzake wa kitengo. Aneth alivihesabu vidato mara nne akitumaini vitapungua. Alirudi na fomu iliyoandikwa "nyumba ya ghorofa, sakafu mbili", akaiweka mezani na kusimama karibu na mlango. Mzee aliisoma, akamsifu kwa mwandiko mzuri, akasaini. Wiki iliyofuata Mama Simoni alinunua umeme, akaona makato, na mezani akamuuliza mumewe swali moja. Swali hilo hajatuambia mpaka leo.

Kesho yake mzee alikuja dirishani kwangu akiwa na barua ya malalamiko, kama mwenye nyumba. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili na kuvua tai, na alipanga foleni nyuma ya watu watatu. Niligonga muhuri, nikaichukua barua kwenda kwa mhusika, nikakuta ofisi namba saba haina mtu, kwa sababu mhusika alikuwa dirishani kwangu akisubiri risiti.

Kuanzia hapo tukawa na Mzee Kitundu wawili. Mwenye tai alikaa ndani. Asiye na tai alikaa kwenye benchi la wananchi koridoni na hakutaka mazoea na mtumishi yeyote. Aneth alimfuata pale siku moja na karatasi za haraka.

"Shikamoo mzee. Naomba sahihi yako hapa."

"Marahaba mwanangu. Leo mimi ni mlalamikaji. Mhusika hayupo, rudi saa tano."

Saa tano kasoro dakika moja aliinuka, akavaa tai, akaingia ofisini, na saa tano kamili akamwita Aneth aje na zile karatasi. Siku ya ishirini na tano alikuja dirishani kwangu, bila tai, kulalamika kwamba ofisi inachelewa kumjibu. Nilimshauri aende akamwone ofisa mwenyewe. Aliniambia ameshafikiria hilo, ila yule bwana amesikia ni mkali.

Jibu lilitoka siku ya ishirini na nane. Nililichapa mimi. Lilisema ofisi imepokea malalamiko ya Ndugu Kitundu na inayathamini sana, lakini vidato saba ni zaidi ya vitatu, hivyo ombi halina msingi. Alilisoma akiwa kwenye benchi, akalikunja mara mbili. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Sababu ni kwamba nilishaelewa anachokiogopa. Makato yale yasingemfukarisha. Moses wa uhasibu alimshauri asubiri afikishe sitini aombe msamaha wa wazee, yaishe. Alijibu kwamba msamaha huombwa na mkosaji, na bado haijajulikana mkosaji ni nani. Akishindwa rufaa, ataishi maisha yake yote chini ya sentensi aliyoitunga mwenyewe, akiamini moyoni kwamba ni ya uongo. Akishinda, watu tisini na mmoja walikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea, na jiko la Bi Rahabu lilianguka bure. Mtu huyu hakuwa amejiwekea kitu kingine katika miaka thelathini na minne isipokuwa kutokukosea. Alikonda. Hata karanga zake za saa nne aliacha.

Juu ya ofisa kuna Kamati ya Rufaa. Hakuna mwananchi aliyewahi kuifikia, kwa sababu maelezo yake yako nyuma ya fomu, kwa maandishi madogo, na fomu zetu hubandikwa ukutani. Kamati ilikuwa haijawahi kukaa tangu iundwe. Ilikaa mara ya kwanza Februari mwaka huu kusikiliza shauri la Lazaro Kitundu dhidi ya Halmashauri, mwenyekiti akiwa Bwana Peniel Hango wa Mipango, pamoja na mjumbe mmoja wa wananchi, nami nikiwa katibu.

Viti viliwekwa viwili, cha mlalamikaji na cha halmashauri. Mzee alikaa cha mlalamikaji akajieleza dakika kumi, vizuri kabisa. Bwana Peniel akaomba upande wa halmashauri ujibu. Ndipo mzee alipoinuka, akavaa tai, akahamia kiti cha pili, akafungua faili na kuomba ruhusa ya kumhoji mlalamikaji. Bwana Peniel alikubali kabla hajafikiri.

Akakigeukia kiti kitupu na kuuliza kuna vidato vingapi. Akainuka, akavua tai, akahama, akajibu ni saba. Akarudi, akavaa tai, akauliza kama mlalamikaji anakubali kwamba saba ni zaidi ya tatu. Akahama tena. Akavua tai, akakubali. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikaletwa, na mhudumu akauliza aweke vikombe vingapi upande ule.

Nyuma ya ukumbi alikuwepo Bi Rahabu. Alisikia kuna mtu amekata rufaa kuhusu jiko la juu ya jiwe, akafunga biashara, akaja kusikiliza. Alisimama bila kuitwa.

"Samahani mwenyekiti, naomba kuuliza. Chini ya hilo jiko lake kuna nini?"

"Unamuuliza nani, mama?" alisema Bwana Peniel.

"Yeyote kati ya hao wawili."

Mzee alikuwa ndio kwanza anahama. Alisimama katikati ya viti, tai mkononi, na safari hii hakwenda kokote.

"Kuna mwamba," alisema.

"Nani anaishi ndani ya huo mwamba?"

"Hakuna mtu."

"Basi mzee wangu, hiyo sakafu ya chini ni ya nani?"

Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na mpaka leo kumbukumbu zangu za kikao hazionyeshi kilikuwa cha nani.

Kamati ilitembelea eneo la tukio, kama taratibu zinavyotaka. Mwenyekiti alimuuliza Mama Simoni hapo tuliposimama ni juu au chini. Alitutazama mmoja mmoja, akasema: "Hapa ni jikoni. Karibuni, naweni mikono." Tulikula ugali wa mtama na mlenda, tukashuka vidato saba, na mwezi Machi tukatoa uamuzi: mwamba si sakafu, na nyumba ya Lazaro Kitundu ni ya kawaida. Mlalamikaji ameshinda. Halmashauri ikapewa siku kumi na nne za kupinga ikiona inafaa.

Hapo ndipo wote tulipoogopa, maana wa kupinga kwa niaba ya halmashauri alikuwa yeye. Siku kumi na tatu faili lilikaa wazi mezani kwake, tai shingoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku ya kumi na nne alikuja masjala akaomba mafaili tisini na moja. Nilimwambia ni mengi, Aneth amsaidie kuyabeba. Alikataa, akayabeba mwenyewe safari nne.

Aprili na Mei alizimaliza kwa baiskeli. Angeweza kutuma barua, au kubandika tangazo pale nje tukaendelea na kazi. Alikwenda mlango hadi mlango. Alipiga hodi, akavua kofia, akasema, "Nilikosea," kisha akatoa barua ya marekebisho na kuomba asainiwe. Wengi walimkaribisha chakula na kwa mara ya kwanza alikula. Mzee mmoja tu alikataa kushushwa. Alishazoea kuwa na ghorofa, na wanawe walishawaambia wakwe zao. Amekata rufaa arudishiwe, na shauri hilo liko kwa Aneth, ambaye ametuomba tumwombee.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Rahabu. Kwake hakukuwa na cha kurekebisha, kwa kuwa faili lake lilishasafishwa tangu jiko lilipobomolewa. Mzee alikwenda hivyohivyo, na barua ya kusema tu kwamba alikosea. Bi Rahabu aliipokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akaisoma mpaka mwisho. Kisha akamwambia: "Asante mzee wangu. Lakini barua siwezi kupikia."

Alirudi ofisini akakaa kwenye kile kiti chake. Kamati ya sherehe ilipomfuata kumuuliza angependa zawadi gani, mabati au saruji, alisema vyote, na akatoa maelekezo ya mahali pa kuvishusha. Hapakuwa kwake. Tangu tarehe mbili Juni yuko likizo yake ya mwisho, na yeyote anayemtafuta atamkuta kwa Bi Rahabu, akipandisha tofali juu ya mwamba, mbili mbili, kwa miaka sitini aliyonayo. Bi Rahabu amemwonyesha mlango ukae wapi na dirisha liangalie wapi. Ameshamvunjisha kona moja kwa kuwa haikunyooka, na mzee ameivunja bila kuomba muda wa kujibu.

Kwa hiyo wafanyakazi wote mnatangaziwa kwamba sherehe ya Ijumaa haitakuwa ukumbini. Itafanyika kwa Bi Rahabu Mghenyi. Njooni na nguo za kazi. Mgeni rasmi ameshaarifiwa kuhusu viatu.

Mzee Kitundu, kwa niaba ya wenzako wote, nakushukuru kwa miaka thelathini na minne ya kutufundisha kupima kitu kabla ya kukisemea. Nakushukuru pia kwa mwaka huu mmoja wa mwisho, ambao kwangu umezidi ile mingine yote. Ofisi zimejaa watu waliokosea, na mimi ni mmoja wao, maana zile barua sita zilipita mkononi mwangu na nilizipiga muhuri zote bila kusema neno. Sisi wengine tuliandika barua. Wewe ndiye peke yako niliyekuona ukibeba tofali. Jumamosi iliyopita nilipanda kukusaidia, nikabeba kumi na nne, na mgongo unaniuma ninapoandika haya.

Tunakutakia maisha mema wewe na Mama Simoni, na nguvu za kukutosha kufunga mabati hayo kabla ya Ijumaa, kwa sababu Bi Rahabu ameshawasha moto.

Winfrida Ntandu
Masjala